Mashine niliyoiunda mwenyewe ilivyolihukumu duka la mama wa Bunda

Wakuu, habari za huko mliko.

Huwa nasoma tu humu, kuchangia ni mara moja moja. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa rohoni, na kila nikimsimulia mtu ana kwa ana najikuta naruka zile sehemu zinazoniaibisha. Humu hamnioni uso, kwa hiyo sitaruka kitu. Jina la mama nimelibadilisha, mengine ni kama yalivyotokea.

Mimi ni fundi wa redio, amplifaya na taa za sola. Banda langu liko Nyasho, Musoma. Umeme nilisoma chuo kidogo, sehemu kubwa nimejifunza kwa kuunguza vitu.

Mwaka jana nikaingiwa na wazimu wa kutengeneza curve tracer.

Kwa wasioijua niwaeleze kidogo, maana bila hapo hamtaelewa nilivyochanganyikiwa. Multimeter inapima kifaa kwa volti ndogo sana, halafu inakupa namba. Curve tracer inakipelekea kifaa umeme wa kwenda na kurudi, halafu inakuchorea kwenye kioo picha ya jinsi kifaa kinavyoupitisha. Kila kifaa kina sura yake. Resista ni mstari ulioinama. Kapasita ni kama yai. Diodi ni mstari uliolala, ukifika katikati unakunja kona moja kwenda juu kama kiwiko. Kilichokatika ni mstari uliolala tu, kilichoshoti ni mstari uliosimama.

Za dukani bei yake siyo ya watu wa Nyasho. Ila ya kienyeji inawezekana kabisa.

Nilikuwa na oscilloscope ya zamani, chombo cha kuchora mwendo wa umeme, sisi tunaiita skopu, ile ya kioo cha kijani, niliipata kwa fundi mmoja aliyestaafu. Nikatafuta adapta. Mnazikumbuka zile adapta nyeusi nzito za redio kaseti, zenye swichi ndogo ya kuteleza pembeni, imeandikwa 3, 4.5, 6, 9, 12? Basi hiyo. Nikang'oa diodi zake na kapasita ibaki transfoma tupu, nikaongeza resista mbili na waya mbili za kugusia, nikafunga kila kitu ndani ya kopo la siagi.

Nikagusa diodi. Kiwiko hicho kwenye kioo!

Nikamwita mke wangu aje aone. Akaja na mwiko mkononi, akaangalia, akasema, "Kwa hiyo inaonyesha mstari." Akarudi jikoni. Wakuu, kuna furaha huwezi kumgawia mtu.

Nikaanzisha daftari. Kila kifaa kizima nilichokipata nilikichora kwa penseli, nikaandika jina lake chini. Diodi, zener, transista za kila aina, mguu kwa mguu. Lilikuwa daftari zuri, nililipenda kuliko simu yangu.

Sasa tuje kwa Mama Zuhura.

Huyu ana duka la spea Bunda, aliachiwa na marehemu mumewe. Sisi mafundi wa Musoma na Butiama wengi tulikuwa tunachukua kwake, na sababu ni moja. Hatoi kitu hakijapimwa. Balbu anaipachika kwenye holda iwake kwanza. Transista anaipima kwa multimeter mbele yako, miguu yote mitatu, halafu anakutazama na kukuuliza, "Umeona?"

Lazima ujibu. Ukikaa kimya hafungi mzigo. Ukisema "nimeona" ndipo anafunga kwenye kipande cha gazeti, na hapo habari ya kurudisha imeisha. Hiyo ndiyo sheria ya pale, na sikuwahi kumsikia mtu akiilalamikia, kwa sababu ulisema mwenyewe kwamba umeona.

Nilikuwa nimechukua kwake transista kubwa nne. Mbili nikazifunga kwenye amplifaya ya kwaya moja ya kanisani kule Butiama, mbili nikaziweka akiba. Amplifaya ikaimba vizuri. Jumapili ya pili, katikati ya wimbo wa matoleo, ikatoa moshi na kunyamaza.

Mwalimu wa kwaya akanipigia hata kabla misa haijaisha, nasikia watu wanaimba nyuma bila vyombo. Akasema neno moja tu, "Fundi, umetuaibisha mbele ya padri." Akakata.

Niliumia. Kazi yangu naijua, na ile amplifaya niliifunga kwa uangalifu wote.

Nikazikumbuka zile transista mbili za akiba. Wiki ile nilikuwa nimetoka kupima taa za dagaa za kisiwa cha Rukuba. Si mnajua mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawavuliwi, kwa hiyo taa zote zinavushwa kuja Musoma kwa mpigo kutengenezwa. Kazi yenyewe ilikuwa ya zener, zile diodi za kudhibiti volti, na nilihangaika na mashine mpaka picha ikakaa vizuri. Kwa hiyo ilikuwa bado iko mezani, imewashwa.

Nikagusa transista ya kwanza, mguu wa base na wa emitter. Kwenye daftari langu hapo ni kiwiko kimoja. Kwenye kioo vilikuwa viwili.

Kimoja kulia juu, sawa. Kingine kushoto, kinashuka chini. Umeme ulikuwa unavuja kurudi nyuma mahali ambapo haupaswi kupita.

Nikagusa ya pili. Vilevile.

Nikachukua multimeter, ikasema zote nzima. Nikajiambia, kumbe! Hizi ni feki za kisasa, zimetengenezwa zidanganye multimeter, na ndiyo maana mama anapimaga kwa kujiamini vile. Mashine yangu imeona kitu ambacho hakuna fundi Mara nzima amekiona.

Ili nisionee mtu, nikachukua transista moja ya zamani kutoka kwenye boksi la vibovu, nikaipima nayo. Viwiko viwili. Nikasema sawa, ndiyo maana ipo kwenye boksi la vibovu.

Wakuu, someni hiyo aya tena. Mimi naikumbuka kila siku.

Nikapiga picha kioo. Nikaweka mshale mwekundu kwenye kile kiwiko cha kushoto, nikatuma kwenye group letu la mafundi na maneno haya: "Mafundi tahadhari, transista za duka la mama wa Bunda ni feki. Multimeter haioni, mashine yangu imeona."

Simu haikutulia siku nzima. Watu wananishukuru, watu wanakumbuka amplifaya zao zilizokufa tangu enzi hizo, kila mmoja amepata mchawi. Mmoja akaniita profesa, na jina likashika. Siwezi kusema sikufurahi. Nilifurahi sana.

Halafu mambo yakaanza kuwa ya ajabu.

Nikaagiza transista Mwanza, kwenye duka jingine kabisa. Zikafika, nikapima. Feki.

Nikang'oa moja kwenye amplifaya ya mteja iliyokuwa inaimba dakika tano zilizopita, tatizo lake lilikuwa kitasa cha sauti tu. Mbovu. Nikairudisha, ikaimba.

Nikasafisha waya za kugusia kwa spiriti. Nikazibadilisha. Nikahamisha meza nikidhani jua la dirishani linaingilia kioo. Nikabadilisha resista. Kila nilichogusa, viwiko viwili. Ilifika mahali nikaamini hakuna transista nzima iliyobaki Mkoa wa Mara.

Mke wangu akaniuliza swali wakati tunakula. "Kama zote ni mbovu, hizi redio za Nyasho zinaimba na nini?"

Nikamwambia mambo ya elektroniki hayaendi hivyo. Nilimjibu vibaya, nikarudi kwenye mashine.

Kwenye group sikusema kitu. Mngesema nini mngekuwa mimi? Profesa arudi aseme mashine yake inakataa hata transista zinazofanya kazi? Nikawa najibu maswali kwa kifupi, najifanya nina kazi nyingi.

Wakati huohuo habari za Bunda zinanifikia. Fundi mmoja kapita pale kwa mama, kamkuta amekaa peke yake na multimeter yake kwenye kaunta. Mwingine anasema mama kaulizwa na mteja, mbele ya watu, kama ana zile ambazo siyo feki. Nilikuwa nikisikia nabadilisha mazungumzo.

Siku moja mchana namwona Mama Zuhura huyo mlangoni kwangu. Amebeba kitu kizito kimefungwa kwenye kanga.

Nikasimama. Shikamoo ikatoka yenyewe.

"Marahaba fundi. Nimekuja kupima."

Hakuwa na hasira usoni, na hiyo ilinitisha zaidi. Akafungua kanga juu ya meza yangu. Ndani ni redio kubwa ya mbao, imefutwa vumbi hadi inang'aa. Akaomba soketi, akachomeka, akazungusha kitasa. Taarabu ikajaa bandani. Jirani yangu mshona viatu akaanza kutikisa kichwa.

"Hii marehemu aliinunua kabla sijamzaa Zuhura," akasema. "Zuhura ana watoto watatu sasa. Fundi hajawahi kuigusaga. Izime, toa transista yake moja kubwa, uipime kwenye hiyo mashine yako."

Nikasema mama hakuna haja. Akavuta stuli akakaa.

Nikafungua. Nikadondosha skrubu mara mbili. Nikatoa transista, nikagusa base na emitter, na nilikuwa nimeshajua nitakachokiona.

Viwiko viwili.

"Inasemaje?"

"Inasema mbovu, mama."

"Haya. Irudishe."

Nikairudisha, nikalehemu, nikakaza skrubu. Nikachomeka. Taarabu ikaendelea kwa sauti ileile.

Akanitazama vile anavyotutazamaga dukani kwake. "Umeona?"

"Nimeona."

Sijui nieleze vipi jinsi lile neno lilivyotoka. Kwake pale Bunda nimelisema mara nyingi mno, ila siku ile nililisema kama mshitakiwa.

Nikamwambia ukweli, kwamba sielewi. Nikamwambia kila kitu kinapima vibaya, hata vizima, na mimi mwenyewe nimechanganyikiwa sijui wapi pa kushika. Nikamwonyesha daftari, hizi ndizo picha nilizochora mwanzo, mashine ni hiihii, transista ni zilezile, kwa nini sasa hazifanani? Nadhani nilikuwa naongea haraka kama mtu anayejitetea polisi.

Yeye hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ameinama anaangalia lile kopo la siagi, pembeni pale adapta inapochungulia.

"Adapta hizi niliuzaga mimi," akasema. "Mbona umeiweka kumi na mbili? Watu walikuwa wanaunguza redio zao kwa hiki kidude. Redio ya volti tatu, mtu kasogeza kumi na mbili, hajui kasogeza saa ngapi. Halafu kesi analeta kwangu, eti nimemuuzia adapta mbovu."

Wakuu.

Nilichora daftari lote swichi ikiwa kwenye 3, kwa sababu nilikuwa naogopa kuunguza vitu. Zener za taa za Rukuba zilihitaji volti nyingi ndipo zikunje, kwa hiyo siku ile nikasogeza hadi 12, nikapunguza picha kwenye skopu ienee. Kazi ilipoisha sikurudisha. Na kwenye daftari sikuwahi kuandika volti, hata ukurasa mmoja.

Nikasogeza swichi kwenye 3, nikarekebisha picha, nikagusa moja ya zile transista zake mbili. Kiwiko kimoja. Nikaweka daftari pembeni ya kioo, vikalingana kama pacha.

Baadaye nikasoma nikaelewa. Transista yoyote nzima ya aina hizi tunazotumia, ukiupa umeme wa kinyume mguu wa base na emitter, ukifika kama volti saba hivi unakunja wenyewe kama zener. Ndiyo tabia yake, siyo ugonjwa. Kwenye 3 haufiki huko, kwa hiyo huoni. Kwenye 12 unauona kwenye kila transista, ya Bunda, ya Mwanza, ya boksi la vibovu na ya marehemu. Mashine haikuwahi kukosea hata siku moja.

Nikamwomba msamaha pale pale, nikasema mama nimekukosea sana.

Akaanza kuifunga redio kwenye kanga. Akasema, "Samahani nimeipokea. Lakini hukuniharibia tukiwa wawili, fundi, kwa hiyo usinitengeneze tukiwa wawili. Siku ya mnada njoo Bunda na hilo kopo lako."

Nikambebea redio hadi stendi.

Siku ya mnada nilifika Bunda mapema, nikapanga skopu juu ya kaunta yake. Mafundi waliponiona wakajaa, profesa kaja. Ikabidi nisimame nieleze kwa mdomo wangu. Nilianza kwa kuzungukazunguka na mambo ya volti, Mama Zuhura akanikata, akasema, "Waambie kwanza, halafu uwafundishe."

Nikawaambia. Zile transista ni nzima, mbovu nilikuwa mimi. Kuna waliocheka. Kuna mmoja hakucheka, alisema alimnyima mama biashara miezi miwili kwa ajili ya picha yangu, na sasa haoni pa kuweka uso. Nikasogeza swichi mbele yao, 3, 12, 3, 12, kiwiko kikaja na kuondoka. Kila nikimaliza kupima moja, mama anawauliza, "Mmeona?" Nao wanajibu.

Nilienda minada mitatu. Waliorudi wamerudi, ila wengine hawajarudi mpaka leo.

Butiama nako nilikwenda. Nikafungua amplifaya, nikafuata waya za spika hadi nje ya kanisa, nikakuta spika ya nne imening'inizwa mti wa uani. Wakati natengeneza zilikuwa tatu, na amplifaya ile nne haibebi. Mwalimu wa kwaya akasema waliokaa nje walikuwa hawasikii vizuri, wakaona waongeze. Sikumsema. Ningeanzia wapi? Nikaishusha ile spika ya nne, nikafunga zile transista mbili za akiba, zilezile nilizoziita feki. Zinaimba hadi leo.

Kwenye group niliandika kukanusha, ndefu, kila kitu. Watatu wakaweka dole gumba. Mmoja akaandika kwamba nimehongwa. Picha ya mshale mwekundu ilikuwa imeshahamia magroup ambayo mimi simo.

Sasa kilichonifanya niandike leo.

Wiki iliyopita kaja fundi kijana wa Nyakato kuazima bunduki yangu ya kunyonyea risasi ya kulehemu. Hatujuani sana. Tukawa tunapiga stori, nikamwambia kama anatafuta transista kubwa aende Bunda kwa Mama Zuhura.

Akashusha sauti. "Kwa yule mama usiende, kaka. Mali zake feki."

Nikamuuliza nani kasema.

"Kuna fundi mmoja wa huku Musoma, kaunda mashine mwenyewe. Inaona vitu multimeter haioni. Yule jamaa noma."

Nikamwambia ni mimi. Nikamwonyesha kopo la siagi. Nikamweleza yote, swichi, daftari, redio ya marehemu.

Akaliangalia kopo, akaniangalia mimi, akacheka. "Acha utani, kaka. Yule ni profesa."

Akaondoka na bunduki yangu, nikabaki na mashine yangu.

Kwa hiyo wakuu, mwenye curve tracer aandike volti pembeni ya kila picha anayochora. Ya kwangu mama alinifungia swichi kwa utepe wa karatasi wenye gundi siku ya mnada wa mwisho, akaandika juu yake kwa kalamu yake, UMEONA. Na kifaa kimoja unachokijua ni kizima kipime kila asubuhi kabla hujahukumu kingine. Hilo la ufundi nimelielewa.

Lile jingine bado sijalielewa, na ndilo nawaomba mnisaidie humu. Mtu ukishatuma kitu, kikaondoka, kikapata miguu yake, unakirudishaje? Aliyewahi kufanikiwa aniambie alianzia wapi, hata mkinitukana, nitasoma.

Na kama kwenye simu yako kuna picha ya kioo cha kijani, mstari uliokunja viwiko viwili, mshale mwekundu upande wa kushoto, hiyo picha ni yangu. Naomba uifute. Halafu umtafute aliyekutumia, umwambie transista ile ilikuwa nzima.